BENKI IMEFIKA KIJIJINI. JE, TUNAJUA KUITUMIA?

Na Ofisa Elimu ya Watu Wazima

Mwaka 2025 Benki Kuu ya Tanzania iliondoa noti za zamani katika matumizi. Noti hizo ni zile zilizotolewa tangu mwaka 1985 hadi mwaka 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 iliyotolewa mwaka 2010. Wananchi walipewa miezi mitatu kuzibadilisha, kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025. Baada ya siku hiyo noti hizo si pesa tena. Hazinunui hata kiberiti.

Mtu mwenye akaunti hakuwa na wasiwasi. Pesa yake ilikuwa imeandikwa katika hesabu za benki. Lakini mtu aliyefukia noti za zamani ndani ya chungu, au aliyezishonea kwenye godoro, na asisikie lile tangazo, amebaki na makaratasi. Panya hawakuzila. Mchwa hawakuzigusa. Mwizi hakuziona. Hata hivyo zimepotea.

Basi leo tuzungumze habari za benki katika nchi yetu. Zilianzaje? Zilimsaidia nani? Na sasa zimefikia wapi? Ukisoma mpaka mwisho utaona jambo moja kubwa. Zamani kilichomzuia mwanakijiji kutumia benki kilikuwa umbali wa njia. Siku hizi njia imefupika. Umbali uliobaki ni ule wa kusoma, kuhesabu na kuuliza.

BENKI NI NINI?

Benki ni kama duka, ila bidhaa yake ni pesa. Hupokea pesa za watu wanaoweka, na huwakopesha watu wanaohitaji. Pesa unayoiweka benki inaitwa amana. Malipo ya kutumia pesa ya mtu mwingine yanaitwa riba. Benki ikitumia pesa yako, inakulipa riba. Wewe ukitumia pesa ya benki, unailipa riba.

Hebu tufanye hesabu. Huu ni mfano tu.

Watu 10 wameweka benki shilingi 100,000 kila mmoja. Jumla ni shilingi 1,000,000. Benki inabakiza shilingi 200,000 ili mwenye kutaka kutoa pesa asikose. Shilingi 800,000 inamkopesha mwenye mashine ya kusaga, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Mwaka ukiisha, mwenye mashine anarudisha shilingi 800,000 na riba ya shilingi 120,000. Benki inawalipa wale watu 10 riba ya asilimia 3, yaani shilingi 30,000 kwa wote. Zinabaki shilingi 90,000. Hizo ndizo za kulipa makarani, walinzi, umeme na kodi. Kinachobaki ni faida ya benki.

Sasa jiulize: mwenye mashine asipolipa itakuwaje? Pesa aliyokopa si ya benki peke yake. Ni ya wale watu 10. Ndiyo maana benki inauliza maswali mengi kabla ya kukopesha. Tukumbuke jambo hili, maana ndilo lililoangusha benki nyingi katika historia yetu.

BENKI ZA WAKATI WA UKOLONI

Mwaka 1905 Wajerumani walifungua benki mjini Dar es Salaam. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walitawala Tanganyika wakaja na benki zao, kama vile Standard, Barclays na National Bank of India. Wenye benki hizo walikuwa ng'ambo. Benki zenyewe zilikaa mijini, karibu na bandari, reli na maduka makubwa. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wafanyabiashara, mashamba makubwa na makampuni yaliyonunua mazao yetu.

Hata pesa yenyewe haikutolewa hapa. Tangu mwaka 1919 ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ambayo kwa miaka mingi ilikaa London.

Mkulima wa pamba wa Mwanza au wa kahawa wa Kilimanjaro alilima, akauza, akapokea fedha taslimu. Benki hakuiona. Isitoshe, kulikuwa na sheria ya mwaka 1931 iliyozuia Waafrika kukopeshwa. Sheria hiyo ilisema kwamba, mtu asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila kibali cha maandishi cha ofisa wa serikali, hawezi kumdai mahakamani. Wakoloni walisema wanamkinga Mwafrika asiingie katika madeni. Lakini matokeo yake yalikuwa nini? Hakuna benki inayokubali kukopesha pesa isiyoweza kudaiwa. Mlango wa mkopo ukafungwa.

Kulikuwa na mlango mdogo mmoja. Nao ni Benki ya Akiba ya Posta, iliyoanza mwaka 1925. Hapo mtu wa kipato kidogo aliweza kuweka akiba yake na kupewa kitabu. Lakini ilikuwa ya kuweka tu. Mkopo wa kununulia jembe la kukokotwa na ng'ombe hakuupata hapo.

BENKI ZA UMMA

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa, na shilingi ya Tanzania ikaanza kutumika. Gavana wake wa kwanza alikuwa Edwin Mtei. Mwaka huohuo Zanzibar ilianzisha Benki ya Watu wa Zanzibar.

Benki Kuu si ya kuweka akiba yako. Kazi zake ni nyingine. Ndiyo inayotoa noti na sarafu. Ndiyo inayotunza fedha za serikali. Ndiyo inayotoa leseni kwa mabenki na kuyasimamia. Kwa ufupi, Benki Kuu ni mama wa mabenki yote.

Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa. Kesho yake serikali ikataifisha mabenki binafsi. Ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, ile ambayo wengi tunaiita NBC. Mwaka 1971 ilianzishwa Benki ya Maendeleo Vijijini, kwa ajili ya kukopesha wakulima, vijiji na ushirika. Mwaka 1984 benki hiyo ikageuzwa kuwa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, yaani CRDB.

Hapa lazima tuseme ukweli wa pande zote mbili. Kwa upande mmoja, NBC ilifika mikoani na wilayani, mahali ambapo benki za kikoloni hazikukanyaga. Walimu, manesi na wafanyakazi wengi walifungua akaunti kwa mara ya kwanza.

Kwa upande wa pili, benki hizo zilikopesha pesa nyingi kwa mashirika ya umma, mamlaka za mazao na vyama vya ushirika. Mara nyingi mikopo hiyo ilitolewa kwa amri, si kwa hesabu. Mashirika mengi yalipata hasara, hayakuweza kulipa. Kumbuka ule mfano wetu wa mwenye mashine ya kusaga. Mkopaji mkubwa asipolipa, benki inatoboka. Na serikali ikiziba tundu hilo, inaziba kwa pesa ya wananchi wote, hata wale ambao hawajawahi kuingia benki.

MAGEUZI YA MIAKA YA 1990

Mwaka 1988 serikali iliunda tume ya kuchunguza mabenki. Mwenyekiti wake alikuwa Charles Nyirabu, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu. Baada ya taarifa ya tume hiyo, Bunge lilipitisha sheria mpya ya mabenki mwaka 1991. Sheria hiyo iliruhusu tena benki za watu binafsi. Mwaka 1993 benki hizo zikaanza kufungua milango.

Mwaka 1996 CRDB iliuzwa kwa wanahisa. Mwaka 1997 NBC iligawanywa. Sehemu moja ilibaki na jina la NBC, nayo hisa zake nyingi ziliuzwa mwaka 2000 kwa benki ya Afrika Kusini. Sehemu nyingine ikawa Benki ya NMB, iliyorithi matawi mengi ya wilayani. Mwaka 2005 hisa 49 katika kila 100 za NMB ziliuzwa.

Mageuzi haya yaliponya benki. Foleni zikapungua, hesabu zikanyooka, mikopo ikatolewa kwa kupima. Lakini mwanakijiji alipata nini? Katika miaka hiyo, baadhi ya matawi ya mbali yalifungwa kwa sababu hayakuleta faida. Benki mpya zilikimbilia mijini. Mkulima aliyetaka kuweka shilingi 20,000 alilipa nauli ya kwenda na kurudi, akala hotelini, akapoteza siku nzima ya kazi. Akipiga hesabu, akiba yote imeliwa na safari. Basi akarudi kwenye chungu chake.

BENKI NDANI YA SIMU

Kilichofungua njia hakikuwa benki. Kilikuwa simu. Mwaka 2008 kampuni ya Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini Tanzania, mwaka mmoja baada ya huduma hiyo kuanza Kenya. Kampuni nyingine za simu zikafuata. Mwaka 2014 kampuni zilianza kuunganisha huduma zao, ili mtu wa mtandao mmoja aweze kumtumia pesa mtu wa mtandao mwingine.

Kabla ya hapo, kijana aliyefanya kazi mjini alimpelekea mama yake pesa kwa mkono wa dereva wa basi, ndani ya bahasha. Mara nyingine bahasha ilifika, mara nyingine ilifika nyepesi. Siku hizi pesa inafika kabla mazungumzo ya simu hayajaisha.

Mabenki nayo yaliona. Mwaka 2013 Benki Kuu ilitoa mwongozo wa mawakala wa benki. Mwenye duka anayekubaliwa na benki anaweza kupokea amana na kutoa pesa kwa niaba ya benki hiyo. Kwa hiyo leo unaweza kuweka pesa benki huku umesimama mbele ya duka la chumvi na sabuni.

HALI ILIVYO SASA

Nchi yetu sasa ina benki zaidi ya 40. Uchunguzi wa FinScope wa mwaka 2023 ulionyesha hivi: katika kila watu wazima 100, watu 76 wanatumia huduma rasmi za fedha. Watu 72 wanatumia pesa za simu. Lakini wanaotumia benki ni watu 22 tu.

Tuzisome vizuri tarakimu hizi. Maana yake ni kwamba wengi wetu tunatuma na kupokea pesa, lakini hatujafika kwenye akiba kubwa na mikopo ya benki. Kutuma pesa ni jambo jema. Lakini kutuma pesa hakununui trekta, wala hakujengi ghala.

Kuhusu mkopo wa kilimo, hatua kadhaa zimechukuliwa. Benki ya Maendeleo ya Kilimo ilizinduliwa mwaka 2015. Mwaka 2025 ilizinduliwa Benki ya Ushirika Tanzania, makao yake makuu yakiwa Dodoma. Lakini bado benki inamwuliza mkulima swali lilelile: "Dhamana yako ni nini?" Dhamana ni mali ambayo benki itaichukua usipolipa.

Mkulima anaweza kujibu nini? Anaweza kuonyesha hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba lake, inayotolewa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Baadhi ya benki huikubali. Anaweza kutumia stakabadhi ya ghala, kwa sheria ya mwaka 2005: anaweka mazao ghalani, anapewa karatasi, na karatasi hiyo inaweza kuwa dhamana. Au anajiunga na SACCOS, ambako wanachama hudhaminiana kwa akiba zao.

Lakini tahadhari: ukiweka hati ya shamba kuwa dhamana, umeweka shamba la familia nzima. Zungumza na mwenzi wako na watoto wako wakubwa kabla ya kutia sahihi.

RIBA YA MWEZI NA RIBA YA MWAKA

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Siku hizi kuna wakopeshaji wanaopita vijijini na kwenye simu. Hawaulizi maswali mengi. Pesa inatoka siku hiyohiyo. Wananchi wenyewe wameipa mikopo hii jina: kausha damu.

Tulinganishe mikopo miwili. Mmoja ni wa benki, shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 18. Wa pili ni wa mkopeshaji wa mtaani, shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20. Mtu anasema, "Aa, tofauti ni mbili tu!" Sivyo. Uliza: asilimia hiyo ni ya mwezi au ya mwaka?

Riba ya benki ni ya mwaka. Baada ya miezi 12 riba ni shilingi 18,000.
Riba ya mkopeshaji ni ya mwezi. Mwezi mmoja ni shilingi 20,000. Miezi 5 ni shilingi 100,000, sawa na mkopo wenyewe. Miezi 12 ni shilingi 240,000, na bado anadai ile 100,000 yake.

Unaona, ndugu yangu? Neno moja, "mwezi" au "mwaka", linaweza kuondoka na ng'ombe zizini.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayekopesha kwa biashara awe na leseni. Hata vikundi vya VICOBA vinatakiwa kusajiliwa. Mwombe mkopeshaji akuonyeshe leseni yake, na akupe mkataba wa maandishi kwa Kiswahili. Akikukasirikia kwa kuulizwa, basi amekwisha kukujibu.

USALAMA WA PESA YAKO

Je, benki inaweza kufa? Ndiyo. Mwezi Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki 5 ndogo kwa siku moja, kwa sababu mtaji wake ulikuwa mdogo kuliko sheria inavyotaka. Kati yake zilikuwamo benki za wananchi za Njombe na Meru, na benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera.

Kwa sababu hiyo kuna Bodi ya Bima ya Amana. Benki ikifungwa, Bodi inamlipa mwenye amana. Mwaka 2018 kiwango kilikuwa hadi shilingi 1,500,000 kwa mtu mmoja katika benki moja. Mwaka 2023 kilipandishwa hadi shilingi 7,500,000. Mwenye amana iliyozidi hapo hungoja mali ya benki iuzwe. Bima hii ni ya mabenki. SACCOS na VICOBA hazimo. Huko ulinzi wenu ni vitabu vinavyoandikwa vizuri, mikutano ya kila mara, na wanachama wanaojua kusoma vitabu hivyo.

Hatari nyingine ni matapeli. Shika mambo haya:

1. Namba ya siri ni yako peke yako. Usimpe wakala, wala mtu anayepiga simu akijiita mfanyakazi wa benki. Benki haikuulizi namba ya siri.

2. Usimkabidhi wakala simu yako akufanyie kila kitu. Bonyeza mwenyewe. Kama huoni vizuri, nenda na mtu unayemwamini nyumbani kwako.

3. Usiondoke kwa wakala kabla ya kupata ujumbe au risiti. Soma vitu vitatu: kiasi, jina na salio.

4. Ukipata ujumbe kama "ile pesa tuma kwenye namba hii", usitume. Kwanza mpigie ndugu yako kwa namba yake unayoijua.

5. Uliza makato kabla ya kufungua akaunti. Zipo akaunti zinazolipa riba, na zipo zinazokatwa kila mwezi. Akaunti ya pesa kidogo ikikatwa kila mwezi, itaisha kama mshumaa.

6. Ukikosewa, andika barua kwa benki na ubaki na nakala. Wasipokusikia, peleka malalamiko Benki Kuu.

MWISHO

Ndugu msomaji, kwa zaidi ya miaka 100 pesa ya mazao yetu imepita katika benki, lakini sisi wenyewe tulibaki nje ya mlango. Leo mlango umeletwa hadi dukani kwa jirani. Lakini mlango huo unaingiza watu wa namna mbili: wanaokuja kukuhudumia na wanaokuja kukuibia. Wote wanaleta karatasi na ujumbe wa simu. Anayeweza kuwatofautisha ni yule anayesoma kabla ya kubonyeza, na anayehesabu kabla ya kutia sahihi. Ulipojifunza kuandika jina lako, ulijifunza pia kulinda shamba lako.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini Benki Kuu haipokei akiba za wananchi?

2. Kutoka hapa kijijini hadi tawi la benki lililo karibu, nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi ngapi? Kwa wakala je?

3. Mtu amekopa shilingi 50,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Baada ya miezi 6 atalipa jumla ya shilingi ngapi, kama hakupunguza deni? (Jibu: shilingi 80,000.)

4. Kikundi chenu cha kuweka na kukopa kimesajiliwa? Nani anasoma vitabu vyake, na ni lini vilisomwa mara ya mwisho mbele ya wanachama wote?